Garland: Maji ni ya Senti, Chombo Ndicho Chenye Bei

Baridi kali ikitangazwa kaskazini mwa Texas, rafu za maji ya chupa katika maduka ya Garland huwa miongoni mwa zile za kwanza kubaki tupu. Watu husukuma matoroli yenye katoni mbili tatu, wakaondoka wakiamini wamejiweka sawa. Hesabu haikubali. Katoni ya chupa 24 za nusu lita ni lita 12 tu. Serikali ya Marekani inashauri kila mtu awekewe galoni moja kwa siku, karibu lita 3.8. Kwa familia ya watu watano hizo ni lita 57 za siku tatu. Kwa wiki mbili ni lita 265, yaani katoni 22 na ushei.

Maji yenyewe si adimu. Garland ni mmoja wa miji kumi ya mwanzo ya North Texas Municipal Water District, shirika lililoundwa mwaka 1951, linalochota Ziwa Lavon na kusafisha maji huko Wylie. Galoni ya bombani ni ya senti moja au mbili hivi. Galoni hiyo hiyo ikitiwa kwenye chupa ndogo, mnunuzi hulipia plastiki, lori, rafu na haraka yake mwenyewe. Tangu mwaka 2016 Wamarekani wanakunywa maji ya chupa kwa wingi kuliko soda, na dharura huongeza juu ya soko ambalo tayari ni kubwa.

Hofu ina sababu. Februari 2021, umeme ulipokatika na mabomba kupasuka kwa barafu, mamilioni ya watu wa Texas waliambiwa wachemshe maji kabla ya kunywa, Houston nzima ikiwamo. Novemba 2022 Houston ikaambiwa tena, safari hii kwa sababu mtambo mmoja wa kusafisha maji ulikosa umeme. Zaidi ya watu milioni mbili waliguswa. Na mwaka 2021, wasio na umeme wangechemsha kwa kutumia nini?

Kati ya bomba na katoni kuna wafanyabiashara wengine. Wapo wenye vibanda vya kujijazia, kama vya Watermill Express, ambako mteja huja na chombo chake na kulipa chini ya dola moja kwa galoni. Wapo wauzaji wa vyombo vyenyewe: madumu magumu ya galoni 7 na mapipa ya buluu ya galoni 55. Pipa hilo likijaa, maji yake pekee ni kilo 208, kwa hiyo mpangaji wa ghorofa ya pili asilifikirie. Dumu la galoni 7, kilo 26 na kitu, linabebeka, na kwa maoni yangu ndiyo bidhaa yenye thamani kuliko zote katika biashara hii, kwa sababu hununuliwa mara moja.

Wakenya, Watanzania na Wakongo waliohamia Dallas na vitongoji vyake, Garland ikiwamo, wanaijua kazi hii ya kuweka akiba ya maji. Oktoba 2022, DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ilipotangaza mgao baada ya Mto Ruvu kupungua, nyumba za jiji hilo zenye matangi ya Simtank na madumu zilivuka siku kadhaa bila kununua maji ya mkokoteni. Inasikitisha kuona mazoea hayo yakiachwa uwanja wa ndege.

Maji ya bomba la Garland tayari yana dawa. Yakitiwa kwenye dumu safi la chakula hayahitaji nyongeza, ila yabadilishwe kila miezi sita. Galoni za maziwa zisitumike, mabaki yake hukuza vijidudu. Maji yenye shaka, kama ni maangavu, hutiwa matone 8 ya jiki isiyo na manukato, ya asilimia 6, kwa galoni, kisha yasubiri nusu saa.

Halafu ipo akiba isiyouzwa na duka lolote: hita ya maji ya moto. Katika nyumba nyingi huwa na galoni 40 hadi 50. Bomba la mtaani likitangazwa kuwa na shaka, funga kwanza valvu inayoingiza maji, zima umeme au gesi, acha maji yapoe, kisha fungulia koki ya chini na bomba moja la maji ya moto ndani ya nyumba.