Kitu Yenye Sarufi Inakatazanga

"Hii gari inatokanga saa ngapi?" Swali hili huulizwa kila siku katika vituo vya matatu vya Thika na Ruiru, na mwalimu wa Kiswahili akilipata kwenye daftari la mwanafunzi atalichora mistari miekundu. Gari ni la ngeli ya LI-YA, kwa hiyo lilipaswa kuwa "gari hili". Kiambishi "-anga" hakimo katika Kiswahili sanifu, ambacho kwa jambo la mazoea kina "hu-", na sentensi ingekuwa "gari hili huondoka saa ngapi". Abiria aliyeuliza huenda aliandika hivyo hasa katika mtihani wake wa kidato cha nne na akapewa alama zake zote. Kanuni anazijua. Kituoni anaziacha kwa sababu akizifuata, makanga atamdhania mgeni, au mtu anayejisikia.

Miji hii miwili ya kaunti ya Kiambu ni mahali pazuri pa kutazama jinsi sarufi inavyovunjwa. Katika sensa ya mwaka 2019, Ruiru ilikuwa na wakazi zaidi ya 490,000 na Thika zaidi ya 250,000. Wenyeji ni Wagikuyu, lakini viwanda vya Thika, mashamba ya mananasi na kahawa, vyuo vikuu, na nyumba za kupanga zilizoota kila upande wa barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 vimewaleta Wakamba, Waluhya, Wajaluo na wengine wengi. Majirani wasiochangia lugha ya mama hukutana katika Kiswahili, na kila mmoja huja na mazoea ya kwao.

Kanuni zenyewe zilitoka mbali. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia vitabu na kamusi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, somo la Kiswahili likawa la lazima na la kutahiniwa kote nchini. Mtoto wa Makongeni mjini Thika au wa Githurai huko Ruiru alipewa sarufi ya visiwani aitumie darasani, kisha akarudi nyumbani kwenye lugha nyingine yenye jina lilelile.

Kiingereza nacho kilipitia mambo ya namna hii. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alilalamikia sentensi zinazomalizikia kwa kihusishi, ingawa Waingereza walikuwa wakizisema hivyo tangu zamani. Mwaka 1762 msomi Robert Lowth alitoa kitabu chake cha sarufi, na humo akaeleza kwamba mtindo huo haufai katika maandishi ya heshima. Sentensi aliyoutajia mtindo huo ilimalizikia kwa kihusishi. Wasomi bado wanabishana kama ulikuwa mzaha au alipitiwa.

Kanuni inayovunjwa kwa ustadi mkubwa zaidi kando ya barabara ya Thika ni ya urejeshi. Kiswahili sanifu hukitia kirejeshi tumboni mwa kitenzi: mtu aliyekuja, kitabu nilichonunua, nyumba tulizoziona. Msemaji hulazimika kuijua ngeli ya nomino na kuchagua "-ye-", "-cho-" au "-zo-" kabla hajafika mwisho wa kitenzi. Thika mzigo huo hutuliwa chini: mtu mwenye alikuja, kitabu yenye nilinunua, nyumba zenye tuliona. "Mwenye", ambalo kazi yake ilikuwa kuonyesha umiliki, limeongezewa kazi ya pili, na kitenzi kimebaki chepesi.

Hata hivyo, hakuna anayesema "mtu yenye alikuja" bila kukusudia matusi. Ngeli hazikutupwa zote, zilipunguzwa. Watu na wanyama wamebaki na upatanisho wao wa A-WA, kitu kimoja kikachukua "i-", na vitu vingi "zi-". Ndiyo maana husemwa kitu yangu na vitu zangu, mti imeanguka na miti zimeanguka. Mfumo wa ngeli nyingi umefanywa wa makundi matatu, na makundi hayo yanalindwa vilivyo. Anayemwambia mwenzake "hii mtu inanisumbua" amemshusha makusudi kutoka kundi la binadamu hadi la viti na sufuria, na kila anayesikia anaelewa kwamba ugomvi umeanza.

Vitenzi vya silabi moja navyo vimenyooshwa. Shuleni husemwa "njoo", "uje", "ule kwanza". Mtaani ni "kuja", "ukuje", "ukule kwanza". Mantiki yake haina kasoro: ikiwa "ku-" imo katika anakuja, amekuja na atakuja, hakuna sababu ya kuitoa katika "ukuje". Kuhusu "-anga", lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi cha mazoea mwishoni mwa kitenzi, na Kigikuyu kina "-aga". Waliozizoea lugha hizo waliikuta nafasi hiyo tupu katika Kiswahili wakaijaza. Wasemaji wa Kiswahili wa mashariki mwa Kongo wana "-aka" yao, na hawakushauriana na mtu wa Ruiru.

Utamu zaidi uko katika udogo. Kwa Kiswahili sanifu, kitu hudogoshwa kwa "ki-": kitoto, kijumba, kijia. Kwa Mgikuyu "ki-" ina sura nyingine, kwani katika lugha yake kiambishi cha aina hiyo huweza kukikuza kitu na kukitia ubaya. Udogo kwake ni "ka-" na wingi wake "tu-", na ndivyo vilivyoingia katika Kiswahili cha huko: katoto, kagari, tupesa, kachai. Matumizi yake yana hila. Mwenyeji humkaribisha mgeni "kachai" ilhali chupa ya chai imejaa na mandazi yamepangwa sinia nzima. Aliyenunua gari la bei kali husema amepata "kagari" ka kumsaidia kwenda kazini, na anayekopa hutaja "kapesa kadogo" hata kama ni karo ya muhula mzima. Unyenyekevu, kujisifu kwa siri na ubembelezi vyote hupita katika silabi hiyo moja, jambo ambalo "ki-" ya shuleni haijawahi kulifanya vizuri huko bara.

Wachekeshaji waliuona utajiri huu mapema. Katika "Vioja Mahakamani", kipindi cha siku nyingi cha televisheni ya KBC, hakimu na kiongozi wa mashtaka hushika Kiswahili cha ofisini, huku washtakiwa na mashahidi wakijitetea kwa Kiswahili cha kwao. Kicheko hutoka katika mgongano huo. Wote wangesema sanifu, ingebaki kesi ya wizi wa kuku tu. Katika kipindi kingine cha vichekesho, "Vitimbi", Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana nchi nzima kama Mzee Ojwang'. Alikuwa Mgikuyu aliyekuwa akiigiza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, naye aliimudu kiasi kwamba wengi walimdhania Mjaluo. Hilo haliwezekani kwa kuharibu lugha ovyo. Lazima mwigizaji ajue ni kanuni ipi msemaji wa aina fulani huivunja na ipi haivunji. Utani wa kubadilisha "l" na "r" kwa kuwacheka Wagikuyu, kwa upande wake, umechosha, na mara nyingi anayeutumia hana kingine cha kuchekesha.

Wafanyabiashara hawakubaki nyuma. Mwaka 2010 kampeni ya matangazo ya kampuni ya simu, iliyoitwa "Niko na Safaricom", ilienea Kenya nzima. Sarufi ya vitabuni ingetaka "nina", kwa kuwa "niko" ni ya kutaja mahali, lakini "nina Safaricom" ingesikika kama jibu la mtihani. Mwaka huohuo jarida la katuni la "Shujaaz" lilianza kuwafikia vijana kwa Sheng, lugha ya mitaani, likiandika lugha kama inavyosemwa.

Serikali nayo ilijaribu kuvunja kanuni. Mwaka 2019 Wakenya walipanga foleni kuandikishwa katika mfumo wa utambulisho ulioitwa "Huduma Namba". Kwa Kiswahili cha pwani, cha shuleni, na hata cha stendi ya Thika, kinachomilikiwa hutangulia na "ya" hufuata: namba ya huduma, tiketi ya gari, bei ya unga. Makanga anayevuruga ngeli tangu asubuhi hadi usiku hawezi kuita "gari tiketi". Jina hilo lilipangwa kwa mpangilio wa Kiingereza likavikwa maneno ya Kiswahili, bila uasilia wa mtaani wala mzaha wa jukwaani. Mwaka 2023 serikali iliyofuata ilitangaza mfumo wake, ikauita "Maisha Namba".