Mapacha Wahitaji Maandalizi Mapema

Huku kwetu Kahama na Usukumani kote mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija. Lakini ziko nyumba zenye Kulwa asiye na Doto, na akina Shija ambao hawakuwakuta ndugu zao. Hiyo si laana, wala si mkono wa jirani. Sababu zake zinajulikana.

Tofauti na mtoto mmoja

Mimba ya mtoto mmoja huchukua wiki 40 hivi. Mapacha hubanana tumboni, na zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki 37. Wengi huwa na uzito chini ya kilo 2.5. Mtoto wa namna hiyo hupoteza joto upesi, hunyonya kwa shida na huambukizwa magonjwa kwa urahisi.

Utafiti wa nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa kati ya kila mapacha 1,000 waliozaliwa hai, 213 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa waliozaliwa mmoja mmoja, walifariki 64 hivi.

Mama naye yumo hatarini: upungufu wa damu, kifafa cha mimba, na kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa. Tena Kulwa akishatoka, Doto anaweza kulala kingamo, au kitovu chake kikatangulia. Hapo huhitajika msaada wa haraka, pengine upasuaji.

Tufanye nini?

1. Anza kliniki mapema. Tumbo likiwa kubwa kuliko miezi yake, au kama kuna mapacha katika ukoo wenu, mweleze muuguzi.

2. Meza vidonge vya kuongeza damu. Kula dagaa, maharage na mboga za majani. Baba, mpunguzie mama kuni, maji na jembe.

3. Jifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Wekeni akiba ya nauli, na wiki za mwisho mama asogee karibu. Wakati wa mvua, njia za mbugani huweza kuikwamisha hata pikipiki.

4. Watoto wadogo wawekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa vizuri. Njia hii ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mama akichoka, baba au bibi ampokee.

5. Wape maziwa ya mama tu, kuanzia yale ya mwanzo ya njano. Asiyeweza kunyonya akamuliwe, anyweshwe kwa kikombe kisafi.

Mtoto akiacha kunyonya, akiwa wa baridi au akipumua kwa shida, mpeleke kwa mganga wa zahanati saa hiyo hiyo. Mtoto mdogo anayelala mchana kutwa bila kulia huenda si mpole. Huenda anaishiwa nguvu.

Jadilini katika kikundi chenu

Kutoka kijijini kwenu, hospitali yenye chumba cha upasuaji iko umbali gani? Mama mwenye mapacha akishikwa na uchungu usiku, nani atampeleka, na kwa chombo gani?