Askar Mbele ya Kitambulisho

Wasomaji wa Kiswahili tukitaka udhanaishi hukimbilia kwa Euphrase Kezilahabi. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anaisaka maana ya maisha, haioni, anajiua. Lakini kwa msomaji wa Bute, kaskazini mwa Wajir, karibu na mpaka wa Ethiopia, riwaya inayochoma zaidi ni Maps (1986) ya Msomali Nuruddin Farah.

Mhusika mkuu, Askar, anazaliwa yatima huko Ogaden, eneo la Wasomali nchini Ethiopia. Anayemwokota kando ya maiti ya mama yake na kumlea ni Misra, mwanamke Mworomo. Wakati wa vita vya 1977 kati ya Somalia na Ethiopia, Askar anapelekwa Mogadishu kwa mjomba wake Hilaal, na huko anapewa kitambulisho. Katika karatasi hiyo Misra hamo.

Jean-Paul Sartre alishikilia kwamba mtu huwapo kwanza, kisha ndipo hujifanya awe nani. Sawa, ila huku kwetu afisa hutangulia kuuliza. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walichujwa upya na kupewa kadi za pinki za kuthibitisha uraia wao. Msasa wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani ulitangazwa kukomeshwa Februari 2025 tu. Zaidi ya hayo, Waajuran wengi wa Wajir Kaskazini, ambao ni Wasomali, huzungumza Kiborana, lugha ya jamii ya Kioromo. Mstari ambao Askar anafundishwa kuuchora kati ya watu wake na watu wa Misra, huko Bute unapita katikati ya sinia moja ya chakula.

Hata hivyo Farah hamwachi Askar ajifiche nyuma ya serikali na ramani. Misra anafika Mogadishu akituhumiwa kuwasaliti wapiganaji wa Kisomali. Askar anasitasita: amwamini aliyemlea, au ajiunge na wapiganaji? Wakati anapima, Misra anatekwa na kuuawa. Kutoamua nako kumekuwa uamuzi, na hapa ndipo udhanaishi wa riwaya unapouma. Usimulizi wenyewe unamfichua, kwani hurukaruka: akisema “mimi” anajidai, “wewe” anajishtaki, “yeye” anajikwepa. Wanaouona kuwa mbwembwe za kiufundi, nadhani wanaharakisha.

Ninalo lalamiko moja. Askar amegawiwa nafsi tatu za kusimulia. Misra, mwenye kesi nzito kuliko yake, hakupewa hata moja.