Meli Iliyopanda Milima

Umeme ulipozimika hapa Salgaa juzi usiku, tanboi mmoja aliyekuwa akila ugali kando yangu aliguta: "Stima imepotea tena!" Nilicheka kimoyomoyo. Mja huyo hakujua kuwa ametaja chombo cha majini. Stima, kwa asili yake, ni meli iendeshwayo kwa mvuke. Ni sisi Wakenya tulioipandisha nchi kavu na kuitundika nyayani.

Na kwa hakika, msomaji mpenzi, iko stima iliyopanda nchi kavu kabla ya kugusa maji. Iliitwa William Mackinnon. Iliundwa Paisley, Uskoti, kwa amri ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ikafunguliwa vipande vipande, kila kipande na nambari yake, ikafikishwa Mombasa mwaka wa 1895. Mwaka huohuo Kampuni, iliyokwisha kufilisika, ikaiachia serikali ya Uingereza nchi hii. Reli ilikuwa haijaanza kujengwa. Ziwa Viktoria lilikuwa mbali, ng'ambo ya Bonde la Ufa na miinuko ya Mau.

Basi vyuma vile vikasafirishwa kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa vichwa vya watu. Njia ya magari ya kukokotwa aliyoifungua Kapteni Sclater kutoka Kibwezi ilipita Naivasha, Nakuru na Eldama Ravine, si mbali na hapa ninapoandika. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 65 hivi, takriban kilo 30, mbali na blanketi na posho yake mwenyewe. Novemba 1895, katika bonde la Kedong, mamia ya wapagazi waliokuwa wakirejea kutoka Ravine waliuawa katika mapigano na Wamaasai. Mizigo mingine ya meli ilitawanyika njiani; na chuma, katika nchi ya wahunzi hodari kama Wanandi, hakikai chini muda mrefu.

Hatimaye viungo vikaunganishwa Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, na mwaka wa 1900 meli ikashushwa majini. Reli yenyewe ilifika huko Desemba 1901. Ikawa ikivusha abiria na shehena baina ya Kisumu na Uganda, hadi meli kubwa zaidi, Winifred na Sybil, zilipokuja kuipunguzia kazi. Mwaka wa 1929 ikazamishwa makusudi ziwani.

Sir William Mackinnon, mwenye jina, alifariki mwaka wa 1893. Hakuiona meli yake ikielea. Walioibeba hawakuandikwa ubavuni mwake hata mmoja, na neno lenyewe "mpagazi" sasa nalisikia darasani tu, wanafunzi wakiniuliza maana yake.

Taa ziliporudi, nilimwambia yule tanboi habari hii. Akaniuliza mpagazi alilipwa kiasi gani kwa safari.