Lugha za Kigeni Shuleni (3): Mwalimu wa Bagamoyo Mjini Berlin

Lugha ya kigeni haimwingii mtoto kwa kukariri vitenzi peke yake. Humwingia pale anapotaka kujua wenye lugha hiyo wanaishije: wanakula nini, wanaoana vipi, wanazikana vipi. Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza nafasi ya Kifaransa, Kiarabu na Kichina katika mtaala ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024. Sehemu hii inahusu kinachotangulia mtaala wowote, yaani hamu ya mwanafunzi. Mifano ya kuiamsha imejaa katika historia ya pwani, na ni aibu kwamba shule nyingi hazijaigusa.

Mwaka 1887 Ujerumani ilifungua mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa masomo yake. Waliosoma humo walikuwamo maofisa waliojiandaa kwenda koloni. Maprofesa waliimudu sarufi, lakini matamshi na mazungumzo yaliwataka wenyewe. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko kuanzia 1891 hadi 1895, na akaandika habari za Ulaya aliyoiona. Mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa dini kutoka Bagamoyo.

Kwa Mtoro inafaa kutua. Maandiko yake, yaliyohaririwa na Carl Velten na kuchapwa mwaka 1903 kwa jina la *Desturi za Wasuaheli*, yanaeleza uzazi, malezi, jando, harusi, kilimo, biashara, utumwa na mazishi. Mjerumani aliyetafuta ngeli aliikuta ndani ya harusi. Aliyetafuta njeo aliikuta katika safari ya bara. Sarufi haikutenganishwa na maisha ya watu. Ufundi huo ni haba katika ufundishaji wa leo, ambapo mtoto huweza kumaliza mwaka mzima akitaja rangi na siku za juma kwa Kifaransa, asijue hata namna Wafaransa wanavyoamkiana na wakubwa wao.

Wanafunzi wa Berlin, hata hivyo, wengine waliipata lugha wakaikosa adabu. Mtoro aliiacha kazi yake baada ya kudhalilishwa kwa sababu ya rangi. Alipojaribu kurudi nyumbani mwaka 1905 akiwa na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ilikataa wakae Dar es Salaam, wakarejea Ujerumani. Huko ndiko alikofia mwaka 1927. Mwalimu anayesifu lugha za watu mbele ya watoto hana haki ya kulificha hilo.

Lakini kwa mtoto wa miaka kumi, simulizi ya kuanzia ni ya Selim bin Abakari, Mngazija aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akimtumikia msafiri wa Kijerumani. Velten aliichapa mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli*. Humo anayetazamwa ni Mrusi, na anayeandika ni mtu wa pwani. Mtoto aliyezoea kusoma habari za wageni waliokuja kumtazama babu yake ataiona dunia upande wa pili. Mkono wa mhariri wa kikoloni upo, na mwalimu aueleze. Kiswahili chake nacho ni cha zamani kidogo, ila si cha kumshinda mwanafunzi wa darasa la sita akisaidiwa.

Kwa shule za sasa, ujirani ndio msaada wa kwanza. Kigoma inatazamana na Kongo, na Burundi iko jirani. Kote huko wako wanaozungumza Kifaransa na Kiswahili pamoja, hivyo mgeni anaweza kuletwa darasani bila gharama ya ndege. Watoto wengi wa pwani husoma herufi za Kiarabu madrasa kabla ya kuanza shule, na mwalimu mwenye busara huanzia hapo. Kichina hakina ujirani wa namna hiyo. Kinategemea walimu wanaoandaliwa vyuoni, na maandalizi yao yataelezwa katika sehemu ya nne.