Gia Zikigoma, Tusikimbilie Kumlaumu Dereva

Ndugu wafanyakazi, sisi tunaoendesha malori kutoka Malukhu, mara Jinja, mara Kapchorwa, tumechoka kuambiwa "umeua giaboksi" kila gia inapokataa kuingia. Mwenzetu mmoja alikaribia kukatwa mshahara kwa sababu ya mpira mdogo wa silinda uliovujisha.

Kwanza tupime. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono juu. Zimeni injini, jaribuni gia zote. Zikiingia laini, kisha zikagoma injini ikiwaka, klachi haiachii. Tazameni kikopo cha mafuta ya klachi. Yamepungua? Tafuteni panapovuja, kwenye silinda ya pedeli na ile ya chini, kando ya giaboksi. Kanyageni pedeli mara tatu nne upesi. Gia ikikubali, mna hewa ndani au mipira imekwisha. Kuongeza mafuta tu ni kujidanganya, na mteremko wa Kapchorwa ni mrefu.

Zikigoma hata injini ikizimwa, angalieni vyuma vya gia na bushi zake. Ikilia moja tu, mara nyingi ya pili, hapo giaboksi itafunguliwa.

Yote yaandikwe katika daftari la gari kabla ya safari. Mwenzetu aliokolewa nalo: siku tatu nyuma alikuwa ameandika, "Gia ngumu, mafuta ya klachi yanapungua."