Boileri ya Nyumbani Itazamwe Kila Mwaka

Usiku mmoja wa mwezi wa saba, wakati wa baridi, baba mmoja na mke wake walifika mbio hospitalini na mtoto wao wa miaka miwili. Mkono na kifua cha mtoto vilikuwa vimeungua. Tulidhani amejimwagia uji. Sivyo. Mama alikuwa akimwogesha. Alipofungua robine ya maji ya moto, mvuke na maji yanayotokota viliruka kwa nguvu, vikampata mtoto.

Tulipokwisha kumtibu, tulimwuliza baba habari za boileri yake, yaani lile pipa la chuma linalotundikwa ukutani ili kupasha maji moto kwa umeme. Akajibu, "Ilikuwa ikidondosha maji kila siku. Niliona ni hasara, nikaziba kitundu kwa kijiti." Kesho yake fundi alikuta kijiti hicho, tena akakuta temostati, kile chombo kinachokata umeme maji yakiisha kupata moto, imeharibika.

Baba huyu hakuwa mvivu. Alitaka kutengeneza. Lakini aliziba kitu kilichowekwa kulinda jamaa yake.

KWA NINI BOILERI INADONDOSHA MAJI?

Maji yakipata moto huongezeka. Jaza sufuria mpaka ukingoni, uiteleke: maji yatamwagika hata kabla ya kutokota. Vivyo hivyo maji ya boileri ya lita 100, yakitoka katika baridi ya digrii 10 mpaka moto wa digrii 60, huongezeka karibu lita 2. Pipa limefungwa pande zote. Maji hayo yapite wapi? Yanapita katika vali ya usalama, iliyo chini ya pipa, penye bomba la maji baridi. Basi matone yanayotoka wakati wa kupasha moto si ugonjwa. Lakini yakitoka usiku na mchana, hata umeme ukiwa umekatwa, mwite fundi. Usizibe kamwe.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin alionyesha huko London chungu cha kupikia kilichofungwa kabisa. Ili kisipasuke alikitilia vali ya kutoa mvuke. Mpaka leo kazi ya vali ni ile ile. Ikizibwa, na temostati ikiharibika, maji yaliyobanwa hupita digrii 100. Pipa likipasuka, maji mengi hugeuka mvuke mara moja, na nguvu yake inaweza kubomoa ukuta.

WAKATI GANI TUITAZAME?

Mji wetu wa Lubumbashi uko juu, karibu meta 1,200 kupita bahari. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Ndipo kila mtu anataka maji ya moto. Kwa hiyo mwite fundi katika mwezi wa nne au wa tano, kabla ya baridi. Tena tukumbuke ya kuwa umeme wetu unakatika na kurudi kwa nguvu, jambo linaloharibu vyombo. Maji nayo hukatika. Pipa likiwa tupu na umeme ukiwaka, chuma cha kupashia moto huungua.

MAMBO YA KUTAZAMA

1. Kwanza kata umeme wa boileri, uache maji yapoe. Usiguse nyaya wewe mwenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi.

2. Vali ya usalama. Mkono wake ukizungushwa, maji yatoke, ukirudishwa, yakome. Jambo hili ulifanye kila mwezi, usingoje mwaka.

3. Bomba la kutolea matone liwe wazi, lielekee penye mfereji au ndoo.

4. Chokaa. Nchi yetu ina mawe ya chokaa, na maji ya visima huwa nayo. Boileri ikinguruma, au ikikawia kupasha moto, labda imejaa chokaa. Fundi aifungue, aisafishe.

5. Ufito wa magnezi ulio ndani. Huo huliwa na kutu badala ya pipa. Ukiwa umeliwa zaidi ya nusu, ubadilishwe.

6. Temostati. Maji ya ndani yawe karibu digrii 60, maana katika vuguvugu vijidudu vinazaana. Lakini maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto mapema zaidi. Basi changanya na baridi kabla ya kuoga.

7. Nyaya, hasa ule unaokwenda ardhini. Usipokuwapo, mtu anaweza kupigwa na umeme akioga.

8. Misumari ya ukutani. Pipa la lita 100 likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 100.

UMEME USIPOKUWAPO

Wengi wetu hupasha maji juu ya mbabula, wengine hawana boileri kabisa. Katika beseni tia maji baridi kwanza, kisha ya moto, upime kwa kiwiko chako. Mbabula ikae nje. Ukilala nayo ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa ya makala, isiyo na harufu, itakuua usingizini.

MTU AKIUNGUA

Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua nguo, ila zilizoshikamana na ngozi uziache. Funika kwa kitambaa safi, uje hospitalini upesi. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala mafuta, wala majivu.

Mtoto yule alipona, lakini makovu hayakutoka. Siku ya kurudi nyumbani baba yake alituambia, "Sasa nimeweka ndoo chini ya boileri. Maji yake tunafulia."

MASWALI
1. Kwa nini hatuzibi matone ya boileri?
2. Fundi aitwe mwezi gani?
3. Katika beseni, tunatia maji gani kwanza?
4. Mtoto akiungua, tufanye nini kwa dakika 20 za kwanza?